Hoja Iko Wapi? Kujifunza Kuunda Andiko la Historia kutoka kwa Wanahistoria Wenyewe

Mpwa wangu anasoma historia mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mwanza. Jumamosi moja alikuja nyumbani Kirumba na bahasha ya kaki iliyojaa makala za kitaaluma alizozichapisha steshenari. Zilikuwa kumi na nne, nyingine za kurasa thelathini, na karibu kila mstari ulikuwa umepakwa rangi ya njano. Juu yake akaweka andiko lake mwenyewe, kurasa kumi na mbili, lililorudishwa na mhadhiri likiwa na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Hoja iko wapi?"

"Mjomba, hizi zote nimezisoma," akaniambia. "Na zote nimezitaja. Sasa hoja gani tena anaitaka?"

Nikalisoma andiko lake lote kabla ya kumjibu. Alikuwa amesema kweli, kazi ilifanyika. Aya ya kwanza ilieleza mwandishi fulani amesema nini kuhusu pamba ya Usukumani. Aya ya pili ikaeleza mwandishi mwingine naye amesema nini. Ya tatu vivyo hivyo. Kila mwandishi alipanda, akasema lake, akashuka kituoni, akapanda mwingine, kama daladala ya asubuhi. Abiria walikuwa wengi na wenye heshima zao, ila dereva sikumwona.

Nilichomwambia siku ile nakieleza hapa kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake. Zile makala kumi na nne alikuwa amezisoma kama ghala la habari. Alichota taarifa akaacha ufundi, na ufundi ulikuwa mle mle, kwenye kurasa alizokwisha kuzilipia. Wanahistoria waliobobea hawaandiki vitabu vingi vya kumfundisha mwanafunzi namna ya kupanga andiko, lakini kila makala wanayoichapisha ni somo la mpangilio. Tatizo ni kwamba tunawaambia vijana wazisome bila kuwaambia wazisome vipi.

Kusoma kwa jicho la fundi

Anza na makala moja. Chagua ile uliyoielewa vizuri na ambayo mada yake inakaribiana na yako. Kwa kujifunza umbo, napendekeza Journal of African History, jarida linalotoka Cambridge tangu 1960. Mtu mwenye simu na akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, anaweza kusoma makala kadhaa kila mwezi mtandaoni bila kulipa. Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, ni hazina ya habari za nchi yetu, na mtu anayeandika kuhusu Kanda ya Ziwa hawezi kulikwepa. Lakini makala zake nyingi za zamani ziliandikwa na maofisa wa kikoloni na wamisionari waliokuwa wakiweka kumbukumbu ya walichokiona au kusikia. Hawakuwa wakijenga hoja. Zitumie kama chanzo, usiziige kama mfano.

Sasa isome mara ya pili ukiwa na penseli. Pembeni mwa kila aya andika maneno mawili au matatu yanayotaja kazi ya aya hiyo. Nasisitiza kazi, kwa sababu mkono wa mwanafunzi huelekea wenyewe kuandika maudhui. Aya inaweza kusema kwamba bei ya pamba ilipanda mwaka fulani. Hayo ni maudhui. Kazi ya aya hiyo huenda ikawa kuondoa sababu ambayo waandishi wengine wameitegemea: kama bei ilikuwa nzuri, basi hasira ya wakulima haikutokana na bei. Hapo pembeni unaandika "anaondoa sababu". Aya nyingine utaiandikia "anaweka mazingira", nyingine "anamjibu mpinzani", nyingine "anakiri udhaifu wa chanzo", nyingine "anavuka kwenda kipindi kinachofuata".

Tulifanya hivyo na mpwa wangu kwa makala moja ya kurasa ishirini na kitu. Ilituchukua saa moja na nusu. Tulipomaliza tukazinakili zile alama za pembeni kwenye karatasi moja, zikifuatana kutoka juu hadi chini. Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. "Kumbe huyu anazungumza na mtu," akasema. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe. Makala ya historia ni sehemu ya mazungumzo: kuna watu waliosema kabla yako, una jambo la kuongeza au kupinga, na kila aya ipo kwa sababu ya mazungumzo hayo.

Kisha hesabu. Katika aya zote, ngapi zinatoa usuli? Wanafunzi hushangaa kukuta ni mbili tatu tu. Kwenye maandiko yao usuli hula nusu ya karatasi. Mtu anaandika kuhusu ushirika wa pamba wa miaka ya 1950, lakini anaanza na asili ya Wasukuma, anapita kwa Speke aliyefika kwenye ziwa hili Agosti 1858, anawaelezea Wajerumani, anasimama kwenye reli iliyofika Mwanza 1928, na ukurasa wa saba umefika kabla hata pamba haijapimwa kwenye mizani. Mambo hayo yote ni ya kweli. Lakini msomaji hajui ayabebe ya nini. Tarehe ya reli ina nafasi yake ikiwa utaonyesha kwamba iliufanya mzigo wa pamba ufike pwani kwa gharama nyingine kuliko awali. Ikiwa hutaonyesha hivyo, iache reli ipite.

Ile karatasi ya alama ndiyo ramani ya makala, na ramani moja haitoshi, maana huwezi kutofautisha desturi ya fani na mazoea ya mtu mmoja. Tengeneza tatu. Yale yanayojirudia katika zote tatu ndiyo ya kuchukua.

Sura tano

Kabla ya kwenda mbali nieleze mtego mmoja ambao vyuo vyetu vingi vinawategea wanafunzi wa historia bila kukusudia. Kuna kiolezo cha sura tano kinachojulikana karibu na kila mwanafunzi wa Tanzania: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Kiolezo hiki kinatokana na sayansi na kimeshika mizizi katika elimu ya maendeleo na biashara. Kina mantiki yake. Anayepima kiasi cha zebaki kwenye samaki wa ziwani analazimika kutenganisha mbinu na matokeo ili mtu mwingine aweze kurudia kipimo kile kile.

Mwanahistoria hana namna ya kuurudia mwaka 1958. Alicho nacho ni karatasi, masimulizi, picha na mabaki, na kila kimoja kina shida zake tofauti. Ndiyo maana ukifungua makala za historia hutakuta sehemu yenye kichwa "mbinu" iliyojitenga. Mwandishi anaeleza udhaifu wa chanzo pale pale anapokitumia, wakati msomaji anahitaji kujua. Mapitio ya maandiko nayo yamo ndani ya utangulizi na ndani ya tanbihi. Wala hutakuta mapendekezo kwa serikali.

Ikiwa mwongozo wa chuo chako unadai sura tano kwa tasnifu ya mwisho, ufuate, usigombane nao ukafeli. Lakini elewa kwamba sura hizo ni masanduku ya nje. Ndani ya ile sura ya nne, ambako wengi humwaga taarifa bila mpango, ndiko utakakotumia haya ninayoyaeleza.

Kutoka mada hadi swali

Mada ya mpwa wangu ilikuwa "Historia ya Ushirika wa Pamba Kanda ya Ziwa". Ni mada nzuri, na kwa watu wa huku ni mada ya nyumbani. Wakulima waliuza pamba yao kwa wanunuzi binafsi, wengi wao wafanyabiashara wa asili ya Asia, na malalamiko ya kuibiwa kwenye mizani yalikuwa mengi. Mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, Lake Province Growers' Association, ambacho Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Mwaka 1955 vyama vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Bomani mwenyewe akaja kuwa waziri wa fedha.

Hayo yote yalikuwamo katika andiko lake. Kilichokosekana ni swali. "Historia ya" haina mwisho, unaweza kuandika mwaka mzima na usikosee wala usiseme jambo. Nikamwuliza, katika haya yote uliyoyasoma, nini kilikushangaza? Akafikiri. Akasema kilichomshangaza ni kwamba TANU ilizaliwa Julai 1954, lakini Usukumani serikali ya kikoloni ikainyima ruhusa ya kufanya kazi hadi 1958, na katika miaka hiyo hiyo ndipo ushirika ulipokua kwa kasi.

"Sasa hapo una swali," nikamwambia.

Tukaliandika: katika miaka ile minne ambayo chama cha siasa kilizuiwa Usukumani, vyama vya pamba vilifanya kazi gani ya kisiasa? Angalia tofauti. Swali hili lina mwanzo na mwisho wa miaka, lina mahali, lina wahusika, na linaweza kujibiwa kwa namna zaidi ya moja. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulisoma na kubishana. Kama jibu lake haliwezi kubishaniwa, hulihitaji, nenda kwenye kamusi elezo.

Utangulizi unavyopangwa

Ukirudi kwenye zile ramani tatu utaona kwamba utangulizi wa wanahistoria una hatua zinazofanana. Mara nyingi huanza na kitu kidogo kinachoonekana: mkutano mmoja, barua moja, ugomvi mmoja kwenye kituo cha kununulia pamba. Kisha hupanuka na kuonyesha kwa nini kitu hicho kidogo kina maana. Halafu huingia kwenye mazungumzo ya wasomi, hutaja wapi wanapungukiwa au wanapopingana, hutamka hoja, hueleza vyanzo, na mwisho hudokeza njia itakayofuatwa. Katika makala ya kurasa ishirini na tano hatua zote hizi huchukua kurasa tatu au nne. Katika andiko la kurasa kumi na mbili, ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Hatua ya mazungumzo ndiyo inayowashinda wanafunzi, na ndiyo iliyomletea mpwa wangu kalamu nyekundu. Yeye aliwapanga wasomi mmoja mmoja. Wanahistoria huwapanga kwa misimamo. Chukua maandiko kuhusu ushirika wa Tanganyika. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kichanga na wasomi kama Terence Ranger walipokuwa wakifundisha pale, hamu kubwa ilikuwa kuonyesha Waafrika wakiwa watendaji wa historia yao wenyewe, na vyama vya aina hii vilisomwa kama hatua katika safari ya kuelekea uhuru. Miaka ya 1970 upepo ukageuka. Ndiyo miaka ambayo Walter Rodney na wenzake pale Dar es Salaam walikuwa wakiuliza maswali ya uchumi na matabaka, na viongozi wa ushirika wakaanza kutazamwa kwa shaka: je, walikuwa sauti ya mkulima au tabaka jipya lililosimama kati ya mkulima na soko? Baadaye wakaja waliouliza juu ya wanawake waliopalilia na kuchuma ile pamba bila kuonekana kwenye daftari la wanachama, na juu ya ardhi na mazingira.

Ukiisha kuiona mikondo hiyo mitatu, zile makala kumi na nne zinajipanga zenyewe. Nne huku, saba kule, tatu pale. Aya kumi na nne zinakuwa aya mbili, na majina mengine yanashuka kwenye tanbihi, ambako ndiko kwao. La maana zaidi, nafasi tupu inaonekana. Wa kwanza waliuona ushirika kama mlango wa chama, wa pili kama mlango wa tabaka. Na katika ile miaka minne ya katazo, mkulima mwenyewe alijifunza nini ndani ya mkutano wa chama cha msingi? Hapo mwanafunzi anapata mahali pa kusimama.

Baada ya hapo hutamka hoja. Katika makala za Kiingereza, tafuta mahali mwandishi anaposema "nadai" au "makala hii inaonyesha", karibu na mwisho wa utangulizi. Pigia mstari na uangalie sentensi imejengwaje. Nyingi zina umbo la ingawa, hata hivyo, kwa sababu. Mpwa wangu akajaribu: "Ingawa vyama vya pamba vilianzishwa kwa ajili ya mizani na bei, kati ya 1954 na 1958 viligeuka shule ya siasa ya wakulima wa Usukumani, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Mwafrika aliweza kupiga kura, kuchagua kiongozi na kumwajibisha."

Nikaifurahia sentensi, lakini neno "pekee" likanikwama kooni. Palikuwa na Sukuma Union. Palikuwa na mabaraza ya kienyeji chini ya watemi. Palikuwa na makanisa. Neno moja linaweza kuangusha andiko zima, kwa sababu msomaji anayejua atasimama hapo na asiendelee. Akalifuta, akaandika "mahali pakubwa kuliko pengine". Tukakubaliana kwamba hata hilo sasa analazimika kulithibitisha. Ndivyo hoja inavyokupa kazi: kila neno ulilolitia linadai ushahidi wake mahali fulani mbele.

Mwili wa andiko

Watu huuliza kama wafuate miaka au wafuate maudhui. Ramani zitakuonyesha kwamba wanahistoria wengi hufanya yote mawili. Muda unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kila kipande cha muda kimepewa kazi katika hoja. Vichwa vya sehemu vya mpwa wangu awali vilikuwa "Kuanzishwa kwa Ushirika", "Maendeleo ya Ushirika" na "Changamoto za Ushirika". Vichwa hivyo unaweza kuvibandika kwenye andiko kuhusu kahawa ya Kagera au korosho ya Mtwara na hakuna atakayegundua.

Tukabadilisha. Sehemu ya kwanza inaonyesha kwamba mzozo wa mizani ulikuwa na siasa ndani yake tangu mwanzo, kwa sababu ulihusu nani anaaminiwa kupima na nani hapewi nafasi hiyo. Sehemu ya pili inaonyesha namna uchaguzi, mikutano na madaftari ya chama vilivyowazoesha watu taratibu za kujitawala. Sehemu ya tatu inauliza katazo lilipoondolewa 1958, watu hao na mazoea hayo vilikwenda wapi.

Kuna jaribio moja la kupima mpango kama huu. Badilisha sehemu ya pili ikae ya tatu. Kama hakuna kilichovunjika, huna hoja, una orodha. Sehemu zilizopangwa vizuri hutegemeana: ya pili haieleweki bila ya kwanza, na ya tatu inadai kitu ambacho ya pili imekwisha kukithibitisha.

Halafu kuna kitu ambacho utakikuta katika karibu kila makala nzuri na hutakikuta kwenye maandiko ya wanafunzi: mahali ambapo mwandishi anauleta mwenyewe ushahidi unaompinga. Kwa mada hii ushahidi huo una jina, nao ni Geita. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo serikali ilitaka kuwawekea, na maelfu wakaja hadi Mwanza kudai kusikilizwa. Nguvu ile ilitokana na baraza, na sheria za kilimo na mifugo zilizokuwa zimewachosha watu, na hasira dhidi ya waliozisimamia. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba, kama Geita iliweza kusimama namna ile kwa sababu zake yenyewe, huo ushirika unaouita shule ya siasa ulihitajika wapi?

Mpwa wangu alitaka kuiacha Geita nje. Nikamsihi aiingize, tena aipe kurasa mbili. Kuificha ni kumwachia msomaji silaha. Kuileta kunakulazimisha kufikiri, na kweli ilimlazimisha. Ilibidi arudi kwenye vyanzo kutafuta kama miongoni mwa waliosimama Geita walikuwamo watu waliokwisha kuongoza vyama vya pamba. Jibu lolote atakalolipata litaiboresha hoja yake: ama litaitia nguvu, ama litaipunguza hadi kipimo chake cha kweli.

Aya, na karatasi ya ofisa wa wilaya

Kuhusu aya moja moja nitasema machache. Sentensi ya kwanza iwe dai lako kwa maneno yako. Jina la mwandishi mwingine likitangulia, umemkabidhi usukani. Ushahidi ufuate, kisha ufafanuzi wako juu ya ushahidi huo, na ufafanuzi usiwe mfupi kuliko nukuu. Soma sentensi za kwanza za aya zako zote, moja baada ya nyingine, bila kusoma kingine. Zikisimulia hoja yako kutoka mwanzo hadi mwisho, andiko limekaa sawa.

Hapo kwenye ufafanuzi wa chanzo ndipo panapohitaji moyo. Tuseme umepata ripoti ambamo ofisa wa wilaya analalamikia "wachochezi" wanaozunguka kwenye vituo vya pamba. Mwanafunzi ananukuu na kuendelea. Makala nzuri inasimama na kuuliza: ofisa huyu alikuwa akimwandikia nani? Alikuwa na sababu gani ya kuwaita wachochezi badala ya wanachama? Aliwaona, au aliambiwa na karani? Ripoti hiyo haituambii kwa hakika kwamba palikuwa na uchochezi. Inatuambia kwa hakika kwamba ofisa aliogopa, na hofu ya serikali ni ushahidi mzito kwa mtu anayetafuta siasa ndani ya ushirika.

Masimulizi nayo yahojiwe vivyo hivyo. Mwanahistoria Jan Vansina alionyesha tangu 1961 kwamba mapokeo ya mdomo ni chanzo halali cha historia mradi yachunguzwe kwa taratibu zake, na wasomi wa Afrika wameendelea kujadiliana naye tangu hapo. Hoja hiyo kwetu si ya darasani tu. Aliyepima pamba yake mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka ishirini alizaliwa 1935. Hesabu mwenyewe. Wapo bado, Magu, Kwimba, Misungwi, wanaota jua asubuhi nje ya nyumba zao, na wajukuu wao wanaandika maandiko ya historia kutoka kwenye faili za simu bila kwenda kuwaamkia. Nenda, babu akiwa bado ana nguvu ya kusema.

Chini ya mstari

Tanbihi wanafunzi wengi huziruka. Mimi huanza nazo. Ni andiko la pili lililo chini ya andiko la kwanza, na humo mwandishi anakuonyesha alikopita. Ukiona makala tatu zinataja jalada lile lile la nyaraka, umepata mlango wa kuingilia mwenyewe.

Ila kuna mitego. Ukikutana na herufi TNA, usikimbilie kudhani ni Nyaraka za Taifa za Tanzania. Hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, nayo hufupishwa hivyo hivyo. Namba itakusaidia: jalada linaloanza na CO 691 ni la Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika, na liko Kew. Mwandishi makini huorodhesha vifupisho vyake kwenye tanbihi ya kwanza, kwa hiyo anzia hapo. Majina ya mahali nayo hubadilika. Karatasi za Wajerumani zinaandika Muansa, na Kagera ya leo iliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita ya 1978 na 1979. Ukitafuta kwa jina la leo tu utakosa nusu ya unachokitafuta.

Hitimisho lisirudie utangulizi. Angalia ramani zako: wengi hutumia aya mbili za mwisho kujibu swali la "kwa hiyo?". Kwa mada hii swali hilo lina uzito wake, kwa sababu vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1976, na vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Kama kweli vilikuwa shule ya siasa ya wakulima, basi kilichofungwa 1976 kilikuwa kikubwa kuliko maghala na mizani, na msomaji anastahili kuliona hilo kabla hajaifunika karatasi.

Kichwa cha andiko huandikwa mwisho, hoja ikiisha kujulikana. Mpwa wangu alikaa mezani hadi saa mbili usiku, upepo wa ziwani ukipeperusha karatasi, akiandika na kufuta. Aliponionyesha, ile "Historia ya Ushirika wa Pamba Kanda ya Ziwa" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika: "Mizani Kabla ya Kura: Vyama vya Pamba na Siasa Usukumani, 1952 hadi 1958."